Meza ya Baba Nekesa

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ile mume wangu aliposukuma meza kwa mkokoteni kutoka Kawangware mpaka River Road, amevaa suti yake ya kanisani. Suti, na mkokoteni! Pale Hurlingham watu walitoka madukani kumtazama, na yeye hata hakujali. Mimi nilimfuata nyuma, Nekesa mgongoni na pedeli ya mashine mkononi, nikicheka kwa aibu na kwa furaha.

Lakini wacha nikueleze kwanza meza yenyewe ilitoka wapi. Ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni, wakati vijana wa mjini walivaa suruali za miguu mipana ya kufagia barabara, na mimi nilikuwa nikizishona kwa cherehani ndogo ya mkono. Mhindi mmoja aliyekuwa na kiwanda kidogo cha mashati alikuwa akifunga kazi awafuate watoto wake ng'ambo, akaniuzia mashine yake moja kubwa, zile za kiwandani zinazopita hata kwenye turubai. Nilipata kichwa, mota na pedeli tu, kwa maana meza yake ilikuwa imeliwa na mchwa. Na mashine kama hiyo huwezi kuitua tu juu ya meza ya chakula. Inataka meza nzito iliyotobolewa shimo la kiasi chake, kichwa kilale humo, mota ining'inie chini, na pedeli iwe miguuni.

Baba Nekesa alikuwa kibarua wa mjengo huko Karen, wa kubeba mawe na kukoroga saruji, ila moyo wake ulikuwa kwa useremala. Akaniambia, "Meza hiyo nitakutengenezea mimi. Usitafute mtu."

Aliitengeneza Jumapili baada ya Jumapili, mimi nikiwa kanisani. Miguu aliitoa kwenye masanduku ya mbao ya vipuri vya magari, na juu akaweka mlango wa mvule aliopewa nyumba moja ya zamani ilipobomolewa. Aliupiga randa mpaka ukipitisha hariri hainasi. Urefu alijipima mwenyewe, amekaa kitini, kwa sababu mimi sikuwapo. Na Baba Nekesa alikuwa mtu wa kuinama akipita mlangoni. Mimi unaniona nilivyo.

Basi tukafika River Road, kwenye kichumba nilichopanga nyuma ya duka la misumari. Mafundi wenzangu wakaja kuona, na wa dukani pia. Mashine ikalala kwenye shimo lake vizuri kabisa. "Haya, Mama Nekesa," mume wangu akasema, "hebu kaa tuone."

Nikakaa. Loo! Meza ilinifika kifuani. Nilipoweka mikono juu, mabega yalipanda karibu na masikio. Nikafungua mdomo nimwambie, ndipo nikamwona uso. Huko mjengoni alikuwa akiitwa "wewe" kutwa nzima, na leo watu wazima walikuwa wakimpa mkono na kumwita fundi.

"Iko sawa?" akaniuliza.

"Sawa kabisa," nikamjibu. "Kama umenipima."

Hiyo ya mwisho hata hakuna aliyeniomba!

Nilijiambia nitamweleza wiki ijayo, tukiwa wawili. Wiki iliyofuata alikuja akaipaka meza vanishi, sasa ningeanzia wapi? Kisha kazi ikanishika, kisha mwaka ukapita, na jambo ambalo siku ya kwanza lingekuwa dogo likawa la kuvunja nyumba. Kiti nilikiinua kwa blanketi nililokunja, lakini mguu ukawa haufiki vizuri kwenye pedeli, nikawa nakaa ukingoni nikining'inia. Yeye akadhani natafuta mahali laini pa kukaa. Akaninunulia mto. Nikamshukuru.

Bega la kulia likaanza kuuma, halafu shingo, halafu mkono ukawa haupandi hata kuanika nguo. Kila jioni Baba Nekesa alinichua kwa mafuta ya moto, mikono yake migumu ya saruji ikijaribu kuwa laini. "Hii mashine itakumaliza," alikuwa akisema. Nami nililala kifudifudi pale, nimenyamaza.

Miaka ilipita hivyo. Siku moja akaja River Road na begi lake la vifaa begani, akaniambia amepata mtu wa kuichukua mashine. Hataki kuniona nikiumia tena. Hapo hasira zikanipanda, mwanangu, hasira za bure, kwa mtu asiye na kosa. Nikapiga kelele, "Si mashine! Ni meza yako! Iko juu! Imekuwa juu tangu siku ile uliyoileta!"

Akaondoa kichwa cha mashine, akapindua meza, akatoa msumeno, akapunguza kila mguu vidole vinne. Akafupisha na kile chuma kinachounganisha pedeli na mota. Chai niliyokuwa nimeweka jikoni ilikuwa bado haijachemka alipomaliza. Nikakaa, na mabega yakashuka mahali pake. Alisimama akinitazama, ameshika vile vipande vinne, kisha akaniuliza polepole, "Kumbe ulikuwa unaniogopa?"

"Hapana, Baba Nekesa. Nilikuwa nakupenda."

Alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyeambiwa kwa lugha asiyoijua.

Mashine hatukuiuza, na hakunilaumu hata siku moja. Lakini tangu hapo, nikimsifu kwa kitu chochote, kabati alilotengeneza, shati lililomkaa vizuri, alitabasamu na kuuliza, "Kweli? Ama ni kama meza?" Watoto walicheka. Na mimi nilicheka nao, na ndani nilikuwa naumia. Na ugonjwa wake wa mwisho ulipokuja, nilimshika mkono nikamwambia kwamba hakuna mwanamke aliyepata mume mwema kunishinda. Hilo lilikuwa la kweli kuliko yote niliyowahi kusema. Akafungua macho, akatabasamu. "Ama ni kama meza, Mama Nekesa?"

Nikaapa kwamba ni kweli. Sijui kama aliniamini. Bega langu lilipona nusu, lakini hilo halijapona.

Kwa hiyo wewe unayeanza nyumba yako sasa, nisikilize. Mwenzako akikuletea kitu alichokutolea jasho nacho hakikukai, mwambie siku hiyohiyo, msumeno ukiwa bado nje ya begi. Mwambie kwa upole, mbele ya watu usimwaibishe, lakini mwambie. Mimi nilidhani nalinda heshima yake. Kumbe nilimnyima nafasi ya kunifaa, na sifa zangu zote nikazifanya kitu cha kutiliwa shaka.

Nenda na baraka zangu, mwanangu. Mungu akupe mtu ambaye ukimwambia hili si sawa, atainama kulirekebisha. Na ukimwambia hili ni zuri, akuamini.