Ishirini na Nne, Mara Mbili

Harufu ya mabua makavu ya mahindi, ikichanganyika na moshi wa dizeli wa trekta iliyochoka, ndiyo iliyotuambia kwamba mvua imekubali kushindwa na shule zimefungwa. Wakati huo tuliishi mtaa wa Pioneer, na baba alikuwa karani kwenye ghala la nafaka. Kazi ndiyo iliyomleta Eldoret kutoka magharibi, kama nusu ya majirani zetu. Nusu nyingine walikuwa wenyeji waliokuwa na shamba mahali fulani na ng'ombe wa kutajwa kwa majina. Kila mwanzo wa kiangazi, kabla Krismasi haijawafilisi wazazi, kanisa letu liliwachukua watoto wadogo kwa siku moja hadi shambani kwa mzee mmoja muumini, upande wa Cheptiret, palipokuwa na bwawa, nyasi na hewa ya bure. Mzee alitoa trekta na trela. Kina mama walitoa chapati. Sisi tulitoa kelele. Kwa mwaka mzima hiyo ndiyo safari pekee tuliyoenda ambayo mwisho wake haukuwa hospitali wala matanga.

Nilikuwa na miaka tisa, na tayari mtaani nilijulikana kwa mambo mawili: kuhesabu na kubishana bei. Mwenye duka akiniona naja alianza kuhema, kwa maana nilifungua kiberiti papo hapo na kuhesabu njiti, na zikipungua hatukuachana vizuri. Siku hizi nauza nguo za watoto sokoni, mitumba, na bado nahesabu kila kitu mara mbili. Wateja hudhani ni ujanja wa biashara. Wacha wadhani. Mwaka huo mama alikuwa na kichanga cha wiki tatu, kwa hiyo hakuweza kuja, na mdogo wangu Wafula, wa miaka mitano, akakabidhiwa kwangu. "Nekesa, umshike mkono," mama aliniambia mlangoni, kichanga begani. "Ukimwachilia, usirudi hapa." Alisema kama kina mama wasemavyo, huku akinifunga kifungo cha sweta. Hakuna aliyejua kwamba jioni hiyo maneno yale yangekuja kunisubiri barabarani.

Mwalimu wetu wa Jumapili aliitwa Mama Chebet, mwanamke mpana mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata jua likiwa utosini. Tulipokwisha kupakiwa kwenye trela aliniita. "Wewe si mtu wa hesabu? Hebu nihesabie hawa ndama wangu." Nikahesabu vichwa, nikarudia kutoka upande wa pili ili nisidanganywe na mazoea. Ishirini na nne, mara mbili. Mama Chebet akaigonga kreti ya soda kwa kiatu. "Na hizi ni ishirini na nne. Mungu si mchoyo, na pia hana za kutupa." Trekta ikaguruma, tukaanza kuimba, na barabara ya Nakuru ikatupitisha polepole kiasi kwamba mbwa walitufuata hadi wakachoka kutubwekea.

Shamba lile bado naliona. Mahindi yalikuwa yamekatwa na kusimamishwa mafungu mafungu yakauke, vichwa vimeegemeana, na kutoka mbali ungesema ni kijiji cha vibanda ambacho wenyewe wamehama. Ndani ya kila fungu kulikuwa na uwazi wa kumtosha mtoto. Upande wa chini wa shamba lilikuwa bwawa, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na Mama Chebet alichora mstari kwenye nyasi kwa fimbo na kusema atakayeuvuka ataogeshwa na fimbo hiyohiyo. Tulikula chapati na ndengu, tukavuta kamba, tukakimbia na magunia miguuni. Kisha wasichana wakubwa wakaanza kati, ule mchezo wa kumrushia mpira aliye katikati, na mpira wetu wa mifuko ya plastiki ulikuwa mgumu kama kiazi. Nilikuwa mkali kwa kati. Shida ni kwamba Wafula alikuwa ameshika sketi yangu kama mtu aliyeshika mlango wa gari linaloondoka.

Basi nikafungua mazungumzo. "Wafula, twende brikicho. Wewe ujifiche." Akaniangalia kwa mashaka, tulikuwa wa damu moja. "Na nikikaa sana?" "Nitakupa soda yangu, nusu." "Yote." "Nusu na kipande cha chapati." "Yote, Nekesa." Sauti hata haikupanda. "Sawa, yote. Lakini usitoke mpaka nikuite mimi. Mwalimu akiita, usitoke. Mtu yeyote akiita, usitoke. Ni mimi tu." Akafikiria, akaitikia kwa kichwa, akakimbia kuelekea kwenye mabua na sweta yake ya buluu. Ilikuwa mara ya kwanza yeye kunishinda bei, na kama ningekuwa na akili ya sasa ningejua kwamba mtu anayekubali bei haraka hana nia ya kulipa. Nilicheza kati. Nilicheza raundi ya kwanza, ya pili, na ile ambayo kila mtoto huiita ya mwisho.

Soda zilipogawiwa tulipanga mstari na kunywa upesi, kwa kuwa chupa zilitakiwa zirudi kwenye kreti. Nilikunywa yangu. Naomba nisieleze zaidi. Ilikuwa ya machungwa, na nilikuwa nimekimbia. Mama Chebet akainua chupa moja juu. "Imebaki moja. Nani hajapata?" Watoto wote wakapaza sauti kwamba ni wao, na waliokuwa na povu mdomoni ndio waliopaza zaidi. "Nekesa, asubuhi ulihesabu vizuri kweli?" "Mara mbili, Mwalimu," nikajibu, nimeudhika. Pembeni alikuwa amesimama msichana mdogo wa pale shambani, sweta ya njano, kidole kinywani, ambaye tangu mchana alikuwa akicheza na wenzetu wadogo. "Basi mpe huyu mgeni wetu," Mama Chebet akasema. "Labda ni yake ndiyo Mungu aliongeza." Tukapiga makofi. Chupa ile ndiyo iliyokuwa inatuambia ukweli, na tuliifungua tukamnywesha mtu mwingine.

Saa kumi tulipakiwa tena. Nilisimama kwenye ukingo wa trela, nikahesabu vichwa kutoka mbele, nikahesabu kutoka nyuma. Ishirini na nne. Mama Chebet akahesabu chupa tupu. Ishirini na nne. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yetu ilipotea daftari likiwa sawasawa. Wafula mwenyewe, kama kweli nilimfikiria, nilimfikiria yuko katikati ya rundo la wadogo waliokuwa wamelaliana kama watoto wa paka. Sikuangalia nyuso. Nilikuwa nahesabu.

Tulifika Pioneer jua likianza kuwa jekundu. Mama alikuwa barabarani na kichanga, baba amesimama nyuma yake, bado amevaa viatu vyake vya kazini. "Wafula yuko wapi?" "Analala huko nyuma." Mama akanipa kichanga, akakanyaga gurudumu, akapanda, akafunua watoto mmojammoja kama anayechagua viazi. Mwishowe akainua msichana wa sweta ya njano, amelala fofofo, mkono umening'inia. "Huyu ni wa nani?" Akamgeukia mwalimu. "Mama Chebet, nauliza huyu ni wa nani." "Lakini tumehesabu," Mama Chebet akasema, na kofia akaivua kwa mara ya kwanza. "Tumehesabu, Mama Nekesa. Mara mbili."

Jirani mwenye pikapu ya maziwa alitupeleka: baba, Mama Chebet, mtoto wa watu, na mimi, kwa sababu mama alisema aliyekuwa naye ndiye atakayeonyesha. Tulipofika tulikuta watu tayari wamezunguka bwawa. Walikuwa na miti mirefu, wanachoma maji, wanaita jina la msichana. Mama yake alipomwona anashushwa alimpiga kofi moja la nguvu, kisha akamkumbatia na kuanza kulia kwa sauti ambayo sijaisikia tena. Wale wanaume walisimama kidogo, miti mikononi, wakishukuru Mungu. Baba akawaambia kilichotokea. Halafu wakarudi majini, kazi ileile. Walibadilisha jina tu. "Wafula! Wafula weee!"

Na Wafula alikuwa anasikia. Nilijua anasikia. Hatua kama mia mbili nyuma yetu yalisimama mafungu ya mabua, na ndani ya mojawapo alikaa mtoto aliyeambiwa asitoke mtu yeyote akiita. Ningesema neno moja tu pale. Lakini neno lile lilikuwa na bei, na mimi nikaanza kutafuta nafuu. Nilimwambia Mungu nitaacha kati. Akanyamaza. Nikaongeza chapati za Krismasi. Nikaongeza nguo mpya. Nikamwambia basi atoke mwenyewe, bila mimi kutajwa, na nitakuwa namfulia soksi mpaka akue. Nimeshabishana na watu wagumu sokoni, lakini sijakutana na muuzaji kama yule. Hakupunguza hata kidogo. Wakati huo baba, ambaye hakujua kuogelea, alikuwa ameingia na viatu vyake. Maji yalimfika magotini, kiunoni, kifuani. Mtu mmoja akamwambia, "Mzee, rudi, hapo pana tope." Hakugeuka. Kidevu chake kilipokaribia maji ndipo nilipogeuka mimi, nikakimbilia mabuani.

Sauti ilitoka kama ya mbuzi. "Wafula, ni mimi." Fungu la nne kutoka kwenye njia likatikisika, na akatoka, makapi kwenye nywele, midomo ya kijivu kwa baridi, suruali imelowa mkojo. Alikuwa anatabasamu. "Nimeshinda?" akaniuliza. "Umeshinda." "Waliita sana, sikutoka." "Najua." Akanyoosha mkono. "Soda iko wapi?" Nikamwambia iko nyumbani.

Hakuna aliyenichapa. Baba alimbeba Wafula ndani ya koti lililolowa, na njia nzima meno yao yaligongana bila mpangilio. Mama Chebet alisali kwa sauti, akamshukuru Mungu aliyemlaza mtoto usingizi mabuani, kwa kuwa hivyo ndivyo watu wazima walivyoamua. Nikawaacha waamue. Wafula naye hakusema. Alipolazwa kitandani aliniuliza tena mara moja, kwa kunong'ona, kisha akalala. Asubuhi hakuuliza. Hakuuliza tena kamwe, na mtoto wa miaka mitano asipoulizia soda yake, ujue kuna jambo amelielewa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, husema wazee, na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wake wa kwanza. Mwaka uliofuata trela haikuja. Wala mwingine. Kanisa lilisema ni gharama.

Siku ya harusi yake nilimwekea chupa ya machungwa mezani, kando ya keki. Aliiangalia, akacheka kidogo. "Nekesa, hiyo ilikuwa ya siku ile." Akampa mtoto wa jirani.

Shamba lile sasa ni viwanja vyenye vigingi, na bwawa limefukiwa. Watoto wangu ifikapo Desemba huenda kwenye uwanja wa kulipia, wenye ukuta, puto kubwa la kurukia na mlinzi anayewafunga utepe wa namba mkononi. Hapotei mtu. Nasimama getini nahesabu wawili wangu, nyuso kwanza, na wanaona haya. Wafula yuko mtaa wa Langas, chumba kimoja. Kiwanda alichofanyia kazi kilifungwa, mke akaondoka na watoto, na mwaka juzi aliacha kupokea simu, yangu na ya kila mtu. Naenda kila Jumapili baada ya ibada. Nabisha hodi, naita jina lake, nasema ni mimi. Nilipokuwa na miaka tisa hiyo ilitosha.

Jumapili iliyopita jirani yake, mama mmoja anayefua nje, alichoka kunitazama. "Mama, huyu mtu unamdai? Kila wiki uko hapa." "Hapana," nikamwambia. "Yeye ndiye ananidai." Akaacha kufua, akacheka mpaka akashika kiuno. "Basi mbona anayejificha ni yeye?" Nikaita mara ya tatu, nikangoja, ndani mtu akakohoa na kunyamaza. Mlangoni palikuwa na viatu, vimepangwa vizuri, vimeelekea ukutani. Nikavihesabu. Nikavihesabu tena. Viwili, na vyote ni vyake.