Kibarua cha Kumwangalia Doto

Kisa hiki sikusimuliwa na mtu. Kilinipata mimi mwenyewe, mchana, jua likiwaka, pale Katoro, miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni. Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nimechoka na watu wanaonikatiza katikati kuniuliza kama siku hizo nilikuwa na homa. Sikuwa na homa. Nilikuwa na uchovu, na huo ninao mpaka leo.

Kabla ya kuolewa nilifanya kazi miaka sita kwenye kituo cha watoto cha misheni, upande wa Shinyanga. Waliletwa pale watoto walioshindikana nyumbani: asiyesema, anayejigonga kichwa ukutani, anayekula udongo. Sista aliyetufundisha alikuwa Mzungu mwembamba, hacheki ovyo. Alitugawia madaftari akatuambia kila ukurasa tuchore safu tatu. Ya kwanza uandike kilichotangulia, ya pili alichofanya mtoto, ya tatu kilichofuata. Basi. Hakuna kupiga wala kukemea, unakaa na kuandika mpaka ujue mtoto anatafuta nini. Alisema hakuna tabia inayotoka hewani. Safu ya kwanza ikibaki tupu, ujue hujaangalia vizuri. Na alisema wengi wao wanatafuta kutazamwa tu. Nilikuwa hodari wa kazi ile, nasema bila kujisifu.

Kisha nikaolewa, tukahamia Katoro, na mume wangu akaenda kuchimba dhahabu Rwamgasa. Duara lao, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo, lilimbomokea. Walimtoa akiwa hai, lakini kuanzia kiunoni kwenda chini hakusikia tena kitu. Mtu wa namna hiyo lazima ageuzwe kila baada ya saa chache, la sivyo anaota vidonda mgongoni. Watoto hatukujaliwa. Kwa hiyo tulikuwa wawili tu, na mimi nilihitaji kazi, lakini kazi ya saa mbili za mchana, baada ya kumlisha na kumgeuza. Wewe niambie, kazi kama hiyo ingepatikana wapi? Mwalimu mkuu wa shule alinitaka tangu asubuhi mpaka jioni. Zahanati walinitaka na zamu za usiku. Padri alinisikiliza kwa upole mpaka mwisho, halafu akaniuliza kama kukaa ukiangalia watu wanavyofanya ni kazi au ni umbea.

Nikaandika tangazo kwenye kipande cha boksi, nikalibandika mlangoni kwa duka la ushirika. Naangalia watoto wenye tabia ngumu, saa nane hadi saa kumi. Wiki nzima watu walinipita wakicheka. Mzee mmoja alikuja na ndama wake anayepiga mateke, akataka kujua kama naye anahesabika. Nilimwambia ndama ana akili kuliko walionicheka, nikafunga mlango.

Wiki ya pili ndipo alipokuja Mama Doto. Mumewe alikuwa mnunuzi wa pamba, mtu wa safari. Binti yao Doto alikuwa na miaka minane, na alikuwa anakwisha: anaketi kula anainuka na njaa, anapiga kelele ghafla, anajing'ata. Ukoo wa mume ulikuwa umeshaamua apelekwe kwa mganga mmoja huko porini, akae hukohuko mpaka apone, na Mama Doto alijua watoto wawili waliopelekwa kule hawakurudi. Aliomba mwezi mmoja wa kujaribu kwanza mtu mwenye mafunzo. Saa zangu zilimfaa. Siku nikishindwa, nisije. Malipo yangekuwa sabuni na sukari, na aliyeishi miaka ile anajua kwamba sikuwa na la kubishania.

Sasa sikiliza hapa. Mtu yeyote aliyekaa na Wasukuma hata mwezi mmoja, akisikia Doto anauliza Kulwa yuko wapi. Doto ni pacha wa pili, hazaliwi peke yake. Hata mtoto wa darasa la kwanza angeuliza. Mimi sikuuliza, kwa sababu niliogopa swali lolote lingeniharibia kibarua. Mama Doto mwenyewe ndiye aliyetamka, akiwa ameshanipa mgongo mlangoni, kwamba Kulwa yuko kwa bibi yake Ushirombo. Nikasema sawa.

Nilianza siku iliyofuata. Doto aliketi kwenye mkeka nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta, na mimi kwenye kigoda na daftari langu. Alikuwa kifupa tu, macho makubwa. Alinisalimia kwa adabu, shikamoo mwalimu, kisha akanisahau. Niliandika: amecheka. Kilichotangulia? Hakuna. Niliandika: amesogea akaacha nafasi. Kilichotangulia? Hakuna. Amemega tonge akaliweka ukingoni mwa sahani. Amenong'ona, "Bado." Siku tatu nzima safu ya pili ilijaa na ya kwanza ikabaki nyeupe, nikaanza kujiona nimesahau kazi.

Siku ya nne jirani alichungulia juu ya ua, akauliza habari za Kulwa, na Mama Doto akajibu kama kawaida kwamba yuko kwa bibi yake. Hapohapo Doto akapiga kelele. Mama akatupa ndoo, jirani akaruka ua, wote tukamkimbilia pale mkekani. Nikaandika amejing'ata. Kisha nikamvua gauni nimpake maji ya chumvi, na alama nikazikuta nyuma ya bega, chini ya shingo. Jaribu wewe kujing'ata hapo. Zilikuwa alama za meno madogo, ya mtoto, na bado zilikuwa na mate.

Ningeweza kuondoka. Nilifikiria sana kuondoka, niamini. Lakini nyumbani sukari ilikuwa imeisha, na yule mtoto alikuwa amenishika kidole akinitazama kama ninayejua la kufanya. Kesho yake nilihamisha kigoda, nikaketi upande wa pili, nikaacha kumtazama Doto. Nikatazama pale anapotazama yeye.

Je, niliona mtu? Sikuona mtu. Niliona mkeka ukibonyea. Niliona lile tonge la ukingoni likipungua kidogo kidogo, na hakukuwa na kuku wala panya. Nikafanya kile nilichofundishwa, nikaandika. Mwenzake amesogea karibu, Doto amecheka. Mwenzake ametaka chakula, Doto amempa. Mwenzake ametajwa kwa uongo, amemng'ata Doto, watu wote wamekimbilia mkekani kutazama. Safu ya kwanza ikajaa mpaka chini. Nikuambie ukweli ulivyo mbaya? Nilifurahi. Nilifurahi kama fundi aliyeona mahali bomba linapovuja.

Tangu siku hiyo Doto hakung'atwa tena. Akaanza kula akashiba. Wiki ya tatu mashavu yakaanza kurudi, na shangazi wa upande wa mume aliyekuja kumchukua kwa mganga akaondoka peke yake. Mama Doto alinifungia sabuni nzima, siyo nusu. Mimi nilijua hakuna dawa niliyotoa. Nilikuwa nakuja kila siku saa nane, namtazama yule mwingine saa mbili, namwandika kila anachofanya. Hakuwa na haja tena ya kung'ata ili atazamwe.

Mwezi ulipokaribia kwisha nikaona siwezi kuondoka bila kuuliza. Mama Doto alikuwa ameketi anachagua mchele.

"Kulwa yuko wapi?"

"Si nilikuambia." Hakuinua uso.

"Hayo ni ya kumwambia Doto. Mimi niambie ukweli."

Alitoa jiwe kwenye mchele, akalitupa uani. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, bila kuacha kuchagua. Surua, kiangazi kilichopita. Alizikwa kimyakimya hapo nyuma ya nyumba jioni ileile, majirani wasijue, na wazee wa ukoo wakakataza kilio, kwa sababu pacha akililiwa humwita mwenzake. Jina lake lisitajwe kaburini, nguo zake zichomwe, Doto aambiwe kaenda kwa bibi. Hata wanawake wa sokoni waliozoea kumwita Mama Kulwa waliambiwa waanze kumwita Mama Doto. Alikuwa amemzaa, amemnyonyesha miaka miwili, na hakumtolea chozi hata moja.

Nikamwambia anachotafuta mtoto wake. Nikamwambia aende pale mkekani, amwite kwa jina lake, amlilie.

"Nikimlilia atamchukua na huyu," alisema. "Mayu, mama yangu, nimebakiwa na mmoja." Kisha akasogeza ungo kando, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Wewe endelea kumwangalia tu. Si ndiyo kazi uliyoitafuta?"

Ilikuwa kweli ndiyo kazi niliyoitafuta, nikaibandika na mlangoni kwa watu.

Wiki iliyofuata mume wangu alipata kidonda kiunoni na sikutoka nyumbani. Siku ya pili, saa nane hiyohiyo, nilikuwa namnywesha uji, akageuza kichwa akatazama upande wa miguuni kwake.

"Huyu mtoto wa nani?" akauliza. "Amenikalia miguuni."

Nilimuuliza kama anamwona. Akasema hamwoni, anausikia uzito. Mtu ambaye ungeweza kumchoma sindano kwenye unyayo akaendelea kuongea! Nilinyakua kanga nipige pale kitandani, nimfukuze, na mume wangu akanishika mkono. Akasema nimwache. Tangu alipotolewa shimoni, alisema, hicho ndicho kitu cha kwanza alichokisikia miguuni. Alilia, na mimi nikalia naye, kila mmoja kwa lake.

Siku chache baadaye Mama Doto alinifuata nyumbani na kikapu cha shukrani. Alikuja na Doto, amenenepa, amesukwa nywele. Tulisalimiana uani, na mlango ulikuwa wazi. Doto akasimama mlangoni, akatazama kitandani, siyo usoni kwa mume wangu, miguuni. Akatikisa kichwa polepole.

"Kaa hapahapa kwa mwalimu," alisema. "Huyu anakuonaga."

Mama yake alisikia. Alikuwa umbali wa hatua tatu tu, angenyoosha shingo angetazama. Nilimsubiri atazame. Wallahi nilimsubiri, nikaomba kimoyomoyo. Akageuza uso akatazama barabarani, akaweka kikapu chini, akamshika Doto mkono, wakaondoka. Hakurudi tena nyumbani kwangu.

Mara moja nilijaribu kuacha. Nilikuwa nimechoka mpaka mifupa, nikafunga daftari, nikampa Kulwa mgongo siku tatu, hata chakula sikumwekea. Siku ya nne nikasikia sokoni kwamba Doto ameanza tena kupiga kelele, na shangazi ametumiwa ujumbe aje. Nilirudi nyumbani mbio, na kanga ikanidondoka njiani nisiiokote. Nilifungua daftari nikamwandika kurasa nne bila kupumzika, mwenzake amefanya hivi, mwenzake amefanya vile, mpaka godoro likabonyea miguuni kwa mume wangu. Shangazi alipofika alimkuta Doto anacheza rede.

Kwa hiyo sikuthubutu tena. Doto amekua, ameolewa, ana watoto wake, na sidhani kama ananikumbuka. Kulwa hakui. Mume wangu alikufa miaka mingi iliyopita, akiwa na uzito wake miguuni, na alikufa kwa amani kuliko nitakavyokufa mimi. Ndugu zangu wananiambia nije niishi nao mjini, nipumzike, na wanashangaa kwa nini mzee kama mimi nina haraka ya kurudi nyumbani kila saa nane. Nimejaribu hata kumlilia mwenyewe, kaburini kwake nyuma ya nyumba ile, kwa sauti, watu wakapita wakidhani nimepagawa. Haikusaidia. Anayasikiliza machozi yangu kama mtoto anavyomsikiliza mgeni, kisha ananifuata nyumbani.

Kinachoniogopesha sasa ni siku nitakayokosekana, maana najua atarudi kwa nani. Ndiyo sababu nakuambia wewe usiyenifahamu. Ukiitwa kumwangalia mtoto wa watu, uliza kwanza wako wangapi, hata kama swali hilo litakukosesha kazi. Na ukifiwa na mtoto, wazee waseme watakavyosema, mtaje jina lake, mlilie wewe uliyemzaa. Usimwachie kibarua.