Sale Liko Mezani, Nami Sijaligusa

Ndugu mhariri, jina langu lifiche, na jina la kampuni yangu usilitaje, maana huku Moshi watu wanausoma ukurasa huu mpaka kwenye foleni ya sabuni. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na tatu, nina mke na watoto wawili. Kwetu ni juu ya Kwa Sadala, lakini tunaishi huku chini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la miwa. Ni fundi wa pampu za kumwagilia.

Nilimaliza darasa la nane mwaka tuliopata uhuru, nikakosa nafasi ya kuendelea. Sikukaa kilabuni kulaumu dunia. Nilianza kwa kufagia karakana, nikawa nawabebea mafundi spana huku nikiuliza hiki ni nini na kile ni nini mpaka wakanichoka. Baadaye nikajiandikisha masomo ya jioni mjini. Nilikuwa natoka kazini moja kwa moja na baiskeli, nanuka dizeli, wenzangu wananicheka kwamba nasomea upadri. Siku ya kazi mbege, pombe yetu ya ndizi, siionji. Sisemi haya kwa kujisifu, ila mjue kwamba nafasi ninayotaka kuwaeleza sikuiokota njiani.

Mwaka huu nilichaguliwa kwenda kozi ya mwaka mmoja Dar es Salaam, nikirudi niwe msimamizi wa karakana. Mke wangu alikuwa ameshanishonea mashati.

Sasa, hapo karakana yuko kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa. Nimwite Aloyce. Kazi nilimtafutia mimi na ufundi nilimfundisha mimi. Jumamosi moja ilikuwa zamu yake ya kuangalia pampu. Huko juu nyumbani kulikuwa na sherehe ya kipaimara, naye akaona mbege haitamsubiri. Akaiacha pampu inanguruma peke yake, akapanda mlimani. Maji yakapungua mferejini, pampu ikavuta hewa mpaka ikaungua. Alipoulizwa, akasema tulibadilishana zamu, kwamba aliyekuwa kazini ni mimi.

Meneja akaniita. "Ndugu, nilikuamini sana," akasema. "Kozi yako isimame kwanza." Nikamwambia si kweli, siku ile nilikuwa naezeka choo na jirani yangu, naye yupo, aulizwe. Akanijibu nikayaseme hayo mbele ya kamati ya wafanyakazi, itakayokaa mwisho wa mwezi ujao. Nikatoka nikiwa na matumaini. Shahidi ninaye, nitasema, mambo yatakwisha.

Kumbe sijui ninachokwenda kukikuta. Jioni ya siku ya pili narudi nyumbani, nakuta baba yangu, baba mkubwa na Aloyce wamesimama mlangoni. Baba ameshika sale.

Wasomaji wa mikoa mingine, sale ni lile jani refu la kijani tunalolipanda kwenye mipaka ya vihamba vyetu, yaani mashamba ya ukoo. Aliyekukosea akikuletea sale, hulikatai, hata kama amekuulia ng'ombe. Ukishalipokea umesamehe, na shauri lenyewe halitajwi tena. Anayelikataa anahesabiwa mtu wa laana, na watoto wake wanasemwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ndugu yako amekosa, ametueleza yote. Mke wake ni mjamzito. Akifukuzwa kazi watakula nini? Pokea hili tumalize."

"Baba, nikilipokea, kwenye kamati nitasema nini?"

"Ukishalipokea hakuna cha kusema."

"Na kozi yangu?"

"Kozi zitakuja nyingine. Ndugu hatakuja mwingine."

Nikamgeukia Aloyce, aliyekuwa anatazama viatu vyake. "Kwa nini hilo sale usimpelekee meneja?"

"Meneja si Mchagga," akanijibu.

Nilishikwa na hasira mpaka masikio yakaziba. Mikono yangu ilikuwa na grisi, nikasema ngojeni ninawe. Nikaenda bombani nyuma ya nyumba, nikanawa, nikarudia kunawa, kisha nikaruka ua nikakimbia. Mtu mzima na familia yangu, nimetoroka kwangu kama mwizi wa kuku. Niliporudi walikuwa wameondoka, sale wameliacha mezani.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi. Mke wangu kwao ni Iringa, wazazi wake walikuja huku kukata miwa. Aliliona lile jani ni zuri, akalitia kwenye kopo la maji. Habari zikapanda mlimani, na baba akatuma salamu kwamba amefurahi sana, mama wa nyumba amelitunza sale, basi limepokelewa. Sasa ukoo mzima unanisifu kwa moyo wangu mkubwa. Mimi sijaligusa hata kwa kidole.

Mke wangu anasema, "Msamehe moyoni, mdomo uache useme ukweli. Hilo ni jani tu." Angekuwa amezaliwa kwetu asingesema hivyo. Lakini kuna siku naona yeye ndiye mwenye akili kuliko sisi wote. Aloyce nimeshaanza kumhurumia, na hilo nalo linaniudhi. Kila asubuhi naangalia kama limenyauka, nipate kisingizio cha kulitupa. Halinyauki.

Wenzangu, nimechoka kuwaza peke yangu. Nikinyamaza, hata kama siku moja nitapewa usimamizi, nitamwambiaje mtu asiiache zamu yake? Na nikisema, siku Mungu atakapomchukua baba yangu, nitaingia kwa mlango gani kwenda kumzika? Nishaurini, nifanye nini?