Chembe za Hostia Sakafuni

Kila Jumapili misa ya saa sita ikiisha, watu wote wakishahamia baa, Obdulia Carrascosa hubaki kanisani peke yake. Hupiga magoti pale waumini walipopokelea komunyo, akalowesha kidole kwa mate, akakipitisha sakafuni na kukirudisha mdomoni. Akiona cheupe, anameza. Akiona cheusi, anameza pia, maana huwezi kujua. Wanawake wa rika lake hapo Palencia, mji wao wa Hispania, walifundishwa na masista kwamba kila chembe ya hostia, ule mkate mwembamba wa komunyo, ni Mungu mzima. Wenzake walilisikia somo hilo wakaenda zao kucheza. Yeye huu ni mwaka wa arobaini anakula vumbi, nywele, tope la soli za viatu na, siku moja, kipande cha kucha. Hata kusimulia kunatia kichefuchefu.

Padri Saturio, paroko wao, analijua jambo hilo na amelinyamazia, kwa kuwa Obdulia ndiye anayemfulia vitambaa vya altare na kuvipiga pasi bure. Sijui kinyaa kipi ni kikubwa zaidi, cha yule anayelamba au cha huyu anayetazama pembeni.

Aliyemfuma ni binti yake, Nieves, siku aliporudi kanisani kuchukua mwavuli aliousahau. Alimkuta mama yake ameinama, viganja chini, kidole kimeonekana hakitoshi na sasa ni ulimi wenyewe uliokuwa kwenye vigae. Nieves alitapika pale pale mlangoni. Mdomo ule ndio uliokuwa ukimbusu Jimena, mtoto wa Nieves wa miezi kumi, kila Jumapili mchana. Alimwambia mama yake asimguse tena mtoto mpaka akapimwe kichwa.

Obdulia alikubali. Kwa jinsi alivyompenda mjukuu wake, angekwenda kupimwa hata Madrid kwa miguu. Kwenye kituo cha afya mwanasaikolojia alimpa karatasi yenye maswali ishirini, kila swali alipe alama kuanzia sufuri, yaani hapana kabisa, mpaka nne. Je, unasumbuliwa na hofu zisizo na msingi kuhusu dhambi? Sufuri, aliandika, kwa sababu hofu zake zilikuwa na msingi tangu alipokuwa na miaka saba. Je, unasali kupita kiasi? Sufuri, hakuwahi kumjua mtu aliyemzidishia Mungu. Je, unarudiarudia vitendo visivyo na maana? Hilo lilimuudhi kabisa. Aliandika, akafuta, akaandika tena, hadi karatasi ikatoboka, maana aliogopa uongo kuliko ugonjwa.

Jumla ikawa saba kati ya themanini. Mwanasaikolojia, aliyekuwa na foleni ndefu nje ya mlango, alijumlisha, akagonga muhuri, akamwambia ni mzima kuliko wengi. Hakumuuliza hata Jumapili hufanya nini. Upuuzi mtupu, tena wenye muhuri.

Obdulia alikwenda moja kwa moja kwa binti yake, karatasi kaikumbatia kifuani.

“Nimepimwa, mwanangu. Nimepata saba. Niletee mtoto.”

Nieves aliufungua mlango nusu, akasoma majibu yote amesimama. Alipomaliza alimrudishia karatasi.

“Mama, haya maswali yao tuyaache. Nikuulize langu moja.”

“Uliza.”

“Siku uko na Jimena kanisani, ukaona chembe imeanguka chini. Utamwacha ailambe?”

Jikoni mtoto alikuwa anagongagonga kijiko mezani na kucheka peke yake. Obdulia alimsikia, na alijua jibu gani lingemfikisha kwake. Lilikuwa neno moja, jepesi, na mtu mwingine yeyote angelisema. Machozi yalimtoka kabla hajafungua mdomo, kwa sababu uongo ni dhambi.

“Si kumwacha tu,” alisema. “Kama mgongo wangu umekataa kuinama, nitamshika kichwa nimwinamishe.”

Nieves alifunga mlango, akazungusha ufunguo mara mbili.