Picha Ambayo Una Rennie Hakuipeleka

Una Rennie aliingia kwenye kupiga picha kupitia visogo vya watu. Alikuwa na saluni pale Kilrudie, mji wetu mdogo wa pwani ya Uskoti, na wateja wake, wengi wao wanawake wa makamo, hawakuridhika na kile kioo cha mkononi. Walitaka wajue nyuma wamekatwaje. Una akanunua kamera, akawa akimaliza kukata anapiga picha ya kisogo na kumwonyesha mwenyewe. Nami nilikuwa nikihudumia wateja wa kiti cha pili, karibu na dirisha, nikiona ile kamera ikimteka kidogo kidogo. Baada ya visogo akahamia kwenye mikono ya wazee wakishika vikombe vya chai. Kisha mbwa, mawimbi, na vibibi wakibishana nje ya duka la mikate. Mwisho akanunua kamera kubwa yenye lenzi ndefu kama chupa ya chai.

Mumewe, Struan, alikuwa tarishi mstaafu na mgonjwa wa gofu. Una mwenyewe hakuwahi kupiga mpira hata mmoja. Alisema mchezo ambao mtu anautupa mpira mbali kisha anaufuata kwa miguu kwenye mvua si mchezo, ni adhabu. Lakini mwaka ule mashindano ya wanawake wa kulipwa yalikuja kwenye uwanja wetu, na gazeti la wilaya likatangaza shindano la wapiga picha wa ridhaa. Watazamaji waliruhusiwa kamera siku za mazoezi tu, na picha zilitakiwa kumfikia mhariri kabla ya Ijumaa mchana. Una akafunga saluni siku ya Jumanne, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya hata alipougua mafua.

Struan alikuwa amejitolea kulinda kamba ya kuwazuia watazamaji. Walimpa koti la manjano na kibao kilichoandikwa KIMYA, akakibeba kama bendera ya taifa. Una akajibanza kwenye kamba hiyohiyo. Mchezaji mmoja alipoinua fimbo, kidole cha Una kikashindwa kungoja, kamera ikalia. Yule mchezaji akasimama katikati ya pigo na kugeuka. Umati mzima ukageuka naye.

Struan akaja polepole. "Mama, kamera iliyolia ni yako?"

"Struan, si ulinishikia asubuhi nikifunga viatu?"

"Nauliza kikazi."

"Basi kikazi, ndiyo, ni yangu."

"Nakuomba uondoke kwenye kamba."

"Na leo jioni utajipikia kikazi vilevile?"

Watu wakacheka, na Struan masikio yakamwiva, lakini hakurudi nyuma. Una akamwomba yule mchezaji radhi, akabeba mfuko wake na kuondoka. Hakununa. Baadaye aliniambia kosa lilikuwa lake, na kwamba angemdharau Struan kama angempendelea.

Akapita vichaka vya miiba na kupanda kilima cha mchanga upande wa baharini, mahali ambapo hakuna mtazamaji anayefika kwa sababu ya upepo. Mvua ikaanza. Umati ukakimbilia kwenye mahema ya chai na sambusa zetu za nyama. Una akaifunika kamera kwa kofia ya plastiki ile tunayowavisha wateja wanaopaka nywele rangi, akakaa.

Chini yake, kwenye shimo la mchanga lenye kuta ndefu kuliko mtu, msichana mmoja alikuwa anahangaika kuutoa mpira. Aliitwa Lowri Beynon, kutoka Wales, na mbeba fimbo wake alikuwa kaka yake, Emyr. Kila alipopiga, mpira ulirudi miguuni pake na mchanga ukamrudia usoni. Una alimsikia akimfokea kaka yake kwamba hajui kusoma upepo, kwamba angebaki kwao kuchunga kondoo, na kwamba aende zake. Kisha Lowri akapiga tena, mpira ukarudi tena, na msichana akapiga magoti mchangani, kichwa chini, fimbo imemdondoka.

Hapo hapakuwa na pigo la kuharibu. Una akapiga picha moja tu.

Lowri aliinua macho akaona lenzi. Akapanda kile kilima huku akiteleza. "Umenipiga?"

"Nimekupiga, mwanangu."

"Naomba nione."

Una akamwonyesha. Mvua ilikuwa inakidondokea kioo kidogo cha kamera, na Lowri aliitupia jicho mara moja tu, akageuza uso. "Mama, nakuomba usimwonyeshe mtu. Nisipovuka mchujo wiki hii sijui nitaendelea vipi. Watu wakiniona hivi watasema nilishakwisha kabla sijaanza."

"Sitaionyesha."

"Kwa nini usiifute tu?"

"Kufuta siwezi. Nikikuambia naweza nitakuwa nakudanganya. Kuificha naweza."

Lowri akamtazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akateremka.

Ijumaa ikafika na Una hakupeleka kitu gazetini. Alikuwa na picha nyingine, za bendera na viatu na miavuli, lakini aliniambia ni picha za kujazia, na mtu hapeleki makapi wakati ngano anayo kabatini. Hakuniambia ngano yenyewe ni ipi. Struan alidhani mkewe amemkasirikia kwa kumfukuza kwenye kamba. Akapika supu ya samaki mwenyewe, ikaungua. Akamwomba msamaha mbele yangu, saluni, amevua kofia.

"Sijakasirika, Struan."

"Basi peleka picha, mama. Nitakupeleka na gari sasa hivi."

"Sina ya kupeleka."

"Wiki nzima umekesha nazo, leo huna?"

Una akaendelea kukunja taulo. Angeweza kumweleza mumewe wa miaka yote ile; nani angejua? Lakini alikuwa amesema hatamwonyesha mtu, na kwa Una, Struan naye alikuwa mtu.

Jumamosi asubuhi mlango wa saluni ulifunguliwa akaingia msichana mwenye nywele ndefu zilizoharibiwa na jua na chumvi. Alikuwa ameshindwa kuvuka mchujo kwa pigo moja. Alitaka zikatwe fupi, hakujali vipi. Una alimtambua papo hapo, akamfunga kitambaa shingoni, akamuuliza kuhusu maji, kama ni ya moto mno. Hakugusia lolote. Alikuwa amekata upande mmoja Lowri alipomtazama vizuri kwenye kioo.

"Wewe ndiye wa kilimani."

"Ndimi."

"Uliionyesha?"

"Hapana."

Lowri akageuka kwenye kiti. "Naomba niione tena. Leo haiwezi kuniumiza zaidi."

Una akaileta kamera. Safari hii Lowri aliishika mwenyewe, akaitazama taratibu, kisha akaisogeza karibu na macho. Nyuma yake, ukingoni mwa shimo, alikuwepo Emyr. Alikuwa amepiga goti moja kwenye majani, amejinyoosha mpaka karibu aanguke, mkono mrefu umeshika mwavuli juu ya kichwa cha dada yake. Yeye mwenyewe alikuwa amelowa chapachapa, amefumba macho, maji yanamchuruzika kidevuni.

"Nilimwambia aende zake," Lowri akasema. "Nilidhani ameenda."

"Hakwenda," Una akamjibu. "Alikaa vile mpaka uliponiona mimi."

"Siku ile nilijiona mwenyewe tu." Akamrudishia kamera. "Mwonyeshe yeyote umtakaye."

"Aanze yeye. Yuko wapi?"

Alikuwa nje, kwenye gari. Emyr akaingia mikono mfukoni, mwanamume mkubwa mwenye aibu, akaitazama picha huku sote watatu tunamtazama yeye.

"Mwavuli ule umevunjika ubavu mmoja," akasema. "Maji yote yalikuwa yananimwagikia shingoni."

Lowri akacheka, kisha akamshika kaka yake kiunoni na kumlazia kichwa kifuani, nusu ya nywele fupi na nusu ndefu. Una aliwaacha. Kamera ilikuwa mkononi mwake, na sikuona akiinyanyua.

Baadaye akasema, "Haya kaa, mwanangu, upande mmoja bado."

Iliyoshinda shindano la gazeti ilikuwa picha ya bendera na machweo. Una alituma nakala mbili Wales, moja kwa Lowri na moja kwa mama yao. Lowri bado anacheza mashindano madogo, na Emyr bado anambebea fimbo. Nakala ya tatu iko ukutani juu ya beseni la kuoshea. Wateja wakilaza vichwa nyuma ndiyo wanayoiona, na wengi huuliza yule mwanamume ni nani. Una huwaambia ni kaka mtu, na kuendelea kuosha. Struan alipoiona mara ya kwanza alisimama mbele yake muda mrefu, akauliza ilipigwa lini. Alipojibiwa Jumanne, na kwamba mkewe alikuwa ameahidi kutomwonyesha mtu, alivuta kiti akakaa, akamtazama mkewe jinsi ambavyo sikuwahi kumwona akiutazama hata uwanja wa gofu.