Bei ya Marehemu

Kuna mwaka watu wa Chanji walikufa sana. Hawakuugua, hawakupata ajali, wala hawakuzikwa. Walikufa kwenye kibanda changu cha fremu za picha tu, mchana kweupe, halafu jioni nawakuta sokoni wananunua dagaa.

Kosa lilikuwa langu mwenyewe. Bei yangu ya fremu ina mambo matatu: mbao, kioo na ufundi. Mbao na kioo napima kwa tepu mbele ya mteja, hapo hatugombani. Ugomvi uko kwenye ufundi, kwa sababu ufundi hauonekani. Mtu anaona vipande vinne vya mbao, anauliza kwa nini ni elfu ishirini wakati stuli nayo ina miguu minne na inauzwa elfu kumi. Niliwahi kumwambia mmoja akaitundike picha ya harusi yake kwenye stuli. Hakurudi tena. Mdomo wangu umenifukuzia wateja wengi kuliko baridi ya mwezi wa saba.

Lakini kwa wafiwa nilikuwa na moyo mwingine. Mama yangu alipofariki, kabla sijaijua kazi hii, nilipeleka picha yake kwa fundi mmoja mjini. Akataja bei, nikaanza kulia. Akadhani nalilia bei, akapunguza. Nikazidi kulia, akapunguza tena. Nilitoka pale na fremu ya bei chee na aibu ambayo kwa miaka mingi sikumsimulia mtu, kwa sababu niliona nimempatania mama yangu kama fungu la nyanya. Nilipokuja kufungua kibanda changu nikaapa kwamba aliyefiwa hatapatana bei na mimi hata siku moja. Picha ya marehemu nitatoza mbao na kioo basi, elfu kumi na mbili. Ufundi nitamwachia.

Sikuandika popote, lakini habari ya namna hiyo hapa kwetu haihitaji kibao. Ilitoka Chanji ikafika Kasense kabla gundi haijakauka. Watu wakaanza kuja wameinamisha vichwa. "Ni baba," mtu ananiambia kwa sauti ya chini, nami nasema pole na kuacha ufundi. Wiki inayofuata baba mwenyewe anapita barabarani na baiskeli, ananipungia mkono. Ningefanyaje? Huwezi kumwambia mtu alete cheti cha kifo ndipo umtengenezee fremu.

Kufikia katikati ya mwaka nilikuwa na kazi tele na nyumbani unga hakuna. Kila fremu ya marehemu ilinirudishia hela ya mbao na kioo, nikanunua mbao na kioo, nikaanza upya. Niliona wazi kwamba nikiendelea hivyo kibanda kitafungwa. Lakini kila nilipotaka kuufuta ule utaratibu, namwona yule fundi anapunguza bei nami nalia, nashindwa.

Hapo ndipo alipokuja kaka mmoja kutoka Pito, mkulima, kofia mkononi, amebeba picha ya mama yake. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya ghala la mahindi, rozari shingoni, ameikazia kamera macho kana kwamba inamdai majibu. Sura ile ilinigusa. Nikasema, "Pole sana kaka." Akasema, "Asante dada," akatazama chini. Nikamfanyia ya elfu kumi na mbili, na kwa huruma nikamwekea utepe mweusi kwenye kona, nikaubana kwa kimsumari. Utepe sikutoza.

Siku tatu baadaye bajaji ilisimama mbele ya kibanda. Akashuka bibi amevaa sweta la mwanaume, amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye kitenge. Niliyatambua macho kabla ya kitu kingine chochote.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ni wewe uliyeniua?"

Nikakaa kwenye rundo la mbao. Yeye akachukua stuli yangu bila kukaribishwa. Akaeleza kwamba mwanawe alimpelekea fremu kwa furaha, zawadi ya mama kutoka hospitali, akasema utepe ni pambo, akamtajia na bei. Bibi ameuza pombe ya ulezi tangu ujana wake, bei ya uongo anainusa. Akambana mpaka akasema.

"Sasa nieleze," akaniambia. "Kwenye bei yangu kumepungua nini?"

"Ufundi, bibi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa umekufa."

"Kwa hiyo mtu akifa, wewe unafanya kazi bure? Mimi kwenye misiba ndiko nilikouza pombe kuliko popote, na sikumpunguzia mtu."

Nikamweleza habari ya mama yangu. Sijui kwa nini nilimweleza yeye, maana nilikuwa sijamweleza hata mume wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nilitegemea anionee huruma. Akaja juu.

"Hiyo ni rambirambi! Rambirambi inaletwa msibani. Unakuja, unakaa kwenye mkeka, unatoa kwa mkono wako, tunakuona. Wewe unaikata kwenye bei kama muuza sabuni. Nani atajua kwamba ulinililia?"

Akafungua fundo la khanga. "Ufundi bei gani?"

"Elfu nane, lakini bibi, acha tu."

"Uniache mimi kama nani?"

"Basi lete nne."

"Nane."

"Tano, bibi, yaishe."

"Nane, na usinichoshe, bajaji inanisubiri."

Muuza mitumba wa jirani alicheka mpaka akaegemea nguo zake. Hiyo ndiyo siku pekee niliyopatana bei kinyumenyume, na bado nikashindwa. Nikapokea elfu nane, nikang'oa utepe. Bibi akapitisha kidole pale penye kona.

"Na hili tundu?"

"Nitaliziba na nta, halitaonekana."

"Mimi nimeshaliona. Nipunguzie elfu moja."

Huruma yote ikaniisha. Tuligombania lile tundu mpaka dereva akapiga honi. Nikaliziba kwa nta, akaondoka na elfu moja yake.

Nilikasirika siku mbili, ya tatu nikaona amesema kweli. Bei ikawa moja kwa wote, na mtu akiniambia amefiwa, namwambia ufundi wangu nitauleta mwenyewe, msiba uko wapi? Vifo vikapungua ghafla. Kaka mmoja aliitazama picha ya shangazi yake, akanitazama mimi, akasema, "Kwa kweli sasa anaendelea vizuri." Wale waliofiwa kweli walinielekeza njia, nami nilikwenda kote, mpaka mashambani, viatu vimejaa tope. Nilikuwa natoa kilekile nilichokuwa naacha, ila sasa nilijua nampa nani.

Mvua zikaja mara mbili. Kwenye baridi ya mwaka jana nilikuwa napiga randa nikaona kofia mkononi mwa mtu. Ni yule kaka wa Pito, na chini ya kwapa kitu kimefungwa kwenye kitenge kilekile.

"Dada," akasema, "safari hii ni kweli."

Nikachukua utepe mweusi. Nta ilikuwa imeshatoka, kimsumari kikaingia kwenye tundu lake bila nyundo. Akauliza bei. Ulimi ulitaka kusema chukua tu kaka, lakini yale macho yalikuwa yananitazama kutoka mbele ya ghala. Nikataja elfu mbili kamili, utepe na ufundi. Akalipa, akatangulia na picha yake.

Nikafunga kibanda, nikapanda bodaboda mpaka Pito. Picha walikuwa wameiweka kwenye meza mbele ya mlango. Nikatoa rambirambi kwa mkono wangu, wakaniona. Kisha nikakaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wengine, nikamlilia yeye, nikamlilia na mama yangu, na hakuna aliyenipunguzia chochote.