Taa Yenye Jina Langu

Vidole vyangu vilikuwa vya waridi na kijani mpaka kwenye kucha, maana kwa wiki tatu tulikuwa tukibandika karatasi kwenye fremu za waya, taa baada ya taa, kwa ajili ya siku ya kuzaliwa kwa Buddha. Mimi ni mpishi wa hekalu. Ninalala chumba cha nyuma ya jiko, ninakula wanachokula watawa, na kwa hilo ninatakiwa kushukuru.

"Malsun, leo umejipaka poda," alisema Pongnye, mwenzangu wa jikoni. "Watawa watakosea sala."

"Kamua mboga zako."

"Nakamua. Wewe hizo zako umezinyonga kabisa."

Alisema kweli. Siku hiyo binti zangu walikuwa wanakuja. Gyongja alikuwa na miaka kumi na miwili, Sonmi sita. Sonmi sikuwa nimemtia machoni tangu akiwa wa miaka miwili, na nilikuwa nimeamua kwamba kabla taa hazijawashwa, nitamwambia mimi ndiye mama yake.

Niliolewa na Dalho nikiwa na miaka ishirini na sita, nimechelewa, na mama mkwe hakuacha kunikumbusha. Nilipanda mpunga wao, nikafua nguo zao kwenye maji ya barafu. Nikamzaa Gyongja, kisha mvulana aliyetoka hana pumzi, kisha Sonmi. Baada ya Sonmi mama mkwe alikula chakula changu siku tatu bila kunisemesha. Mwaka uliofuata akaja mwanamke mwingine, tumbo liko mbele, na wote wakasema hilo la sasa ni la kiume.

Jioni moja Dalho aliniomba muhuri wangu wa jina, ule unaogongwa badala ya sahihi. Alisema ni karatasi za nyumba. Mke hamwulizi mumewe anataka muhuri wa nini, anautoa sandukuni na kumpa. Nami sikujua kusoma. Nikampa. Kumbe ilikuwa talaka niliyoigongea muhuri, na watoto wakabaki kwa baba yao, kama ilivyo kwa kila mtu. Niliondoka na mto wa kulalia na sufuria moja. Mwanamke yule alizaa mvulana, mnene, mzima. Nasikia hata kujifunga kamba za viatu hajui, lakini ndiye anayeketishwa karibu na bibi yake wakati wa kula.

Mwanzoni mwa majira ya kuchipua Gyongja alipita hekaluni na wanafunzi wenzake, akanijia mlangoni mwa jiko. Tulipatana atamleta mdogo wake siku ya taa, wakati bibi yao yuko ukumbini kwenye sala.

"Nitamwambia wewe ni shangazi wa jikoni," alisema.

"Kwa nini shangazi?"

"Ndivyo itakavyokuwa rahisi." Hakunitazama. Sikumuuliza zaidi, na hapo ndipo nilipokosea.

Walikuja saa sita mchana. Sonmi amechukua uso wa mama yangu, mpaka pengo la meno. Niliwaketisha nyuma ya mitungi ya mchuzi wa soya, nikawapa wali wa mboga, na wa Sonmi nikautia pilipili kidogo tu.

"Shangazi, vidole vyako vinaumwa?"

"Ni rangi ya taa."

"Umezibandika wewe, zote zile?"

"Nyingi."

"Mwongo. Ungekuwa umekufa kwa kuchoka."

"Bado nasubiri," nilisema, naye akacheka na wali mdomoni. Nikafikiri, sasa. Mwambie sasa, akiwa anacheka.

"Hata ya mama yangu umeibandika wewe?" akauliza.

Gyongja akaacha kutafuna. "Sonmi, kula."

"Nimeshiba. Shangazi, njoo nikuonyeshe."

Alinivuta mkono, akanipitisha chini ya taa za uani, nyekundu na njano na buluu, mpaka nyuma, mbele ya ukumbi mdogo. Huko taa zote ni nyeupe.

"Hizi ni za waliokufa," alinieleza, kama mimi ndiye mtoto. "Ya mama ni ya tatu. Bibi alileta jina lake kwenye karatasi juzi, likafungwa pale. Mama alikufa kwa homa mimi nikiwa mdogo."

Herufi za jina langu ndizo za kwanza nilizojifunza hapa hekaluni, na sikujifunza nyingi baada ya hizo. Nilisoma polepole. Jina langu lilikuwa pale, na la kijiji cha baba yangu chini yake, ili hata huko kuzimu wasinichanganye na mtu mwingine. Mama mkwe alinitundika maiti kwenye karatasi niliyoibandika kwa mikono yangu.

Nilifungua mdomo. Gyongja, aliyekuwa ametufuata, akanishika sketi kwa nyuma.

"Usimwambie," alinong'ona. "Hawezi kunyamaza. Akisema nyumbani, bibi atajua ni mimi niliyemleta. Ameshasema ataniachisha shule, nikamlee yule mvulana."

"Wewe uliijua hii taa?"

"Mimi ndiye niliyeandika, mama. Bibi hajui kuandika."

Nilimtazama. Maandishi yalikuwa mazuri, yamenyooka, mazuri kuliko ya karani wa hekalu.

Pongnye husema mama hujinyima kwa ajili ya mtoto. Sikujinyima chochote. Nilikuwa na watoto wawili, na neno langu moja lingemvunja mmoja wao, na hiyo si hiari.

"Inama, shangazi," alisema Sonmi. "Hivi. Mara tatu."

Akaweka viganja pamoja, akainama. Nikainama pembeni yake.

"Ulimjua?"

"Kidogo."

"Alikuwaje?"

"Alikuwa anazidisha chumvi."

"Bibi pia anasema hivyo," akajibu, ameridhika.

Sala zilikuwa zimekwisha na watu walikuwa wanatoka ukumbini. Gyongja alimshika mdogo wake mkono, wakaenda haraka kumtafuta bibi yao. Sonmi aligeuka mara moja akapunga mkono, lakini alikuwa anaipungia taa.

Jua lilipozama, sisi wa jikoni tukagawana mishumaa. Pongnye alitaka uani, kwenye watu na ngoma, nikamwachia. Mimi nilichukua ngazi nikaenda nyuma, kwenye zile nyeupe. Niliwasha ya kwanza, ya pili, ya tatu, na nyingine zote mpaka mwisho wa safu, maana ndiyo kazi yangu, na taa moja ikibaki giza mtawa huuliza ni nani aliyeisahau.